Makopo Mawili ya Maftaha

Pwa-pwa. Pwa-pwa. Fimbo mbili za bibi yake juu ya sufi.

Katika sauti zote za utoto wake kule Kilangala, hiyo ndiyo iliyomwandama Maftaha ukubwani. Bibi alikaa mkekani, miguu ameinyoosha, pua na mdomo amevifunga kanga, akipiga sufi mpaka mbegu zikaanguka chini na nyuzi nyeupe zikapanda hewani kama moshi usio na moto. Maftaha alikuwa na miaka kumi na minne. Aliambiwa asisogee. Akasogea, kwa sababu mto ule ulikuwa wake.

Kwa wanawake wa ukoo wao, mwali akitolewa ndani hupewa mto wa kulalia, na mto huo una masharti. Hauazimwi. Haulaliwi na mwingine. Mwenye nao akisafiri, hauachwi nyuma. Foronya yake bibi aliitarizi kwa uzi mwekundu: LALA UNONO.

"Mwenye mto wake," bibi alimwambia akimkabidhi, "hana ugeni popote."

Sasa Maftaha alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na amekuwa mgeni kila mahali.

Chafya ndizo zilizomhamisha. Hazikuja moja moja kama za watu. Zilikuja kwa kundi, nane, tisa, kumi, asubuhi kabla hajakaa sawa kitandani, zikifuatwa na maji ya pua yasiyokauka na macho yanayowasha kama yametiwa pilipili. Kila alipopiga chafya alisema Alhamdulillahi, na kila aliyekuwa karibu alimjibu Yarhamukillah, mpaka watu wakachoka kumwombea rehema. Mumewe alivumilia miaka sita. Siku ya kumwacha alisema, "Mimi nilioa mke, sikuoa baruti."

Akaenda Lindi mjini kukaanga maandazi. Chafya. Watu wakasema ni unga wa ngano. Akaenda Sudi kwa shangazi yake, akaanika samaki. Chafya. Wakasema ni shombo. Akafika hadi Tingi, kule Kilwa, akapikia vibarua wa palizi ya ufuta. Wakasema ni ufuta. Akafukizwa ubani chini ya blanketi, akatoka macho yamevimba kama ya chura, na mganga akasema jini analalamika, hiyo ndiyo dalili njema. Akameza dawa ya malaria bila malaria. Akameza amoksilini mpaka akazijua kwa rangi. Piritoni zilimsaidia, lakini zilimlaza usingizi mchana kweupe, kichwa kikamwangukia kwenye karai la maharage.

Popote alipokwenda alikwenda na begi moja na mto wake kwapani.

Baba yake alipozeeka, akiwa hai na akili zake timamu, alimpa Maftaha shamba la mikorosho thelathini na sita. Alisema mwanamke anayehamahama anahitaji kitu kisichohama. Kisha akafa. Ndipo ikaja taabu yenyewe, maana korosho hutaka mtu mwezi wa sita. Mwezi huo mikorosho hutoa maua, na pamoja na maua huja ubwiri unga, ukungu mweupe unaokausha shada zima kabla halijazaa. Kinga yake ni salfa, unga wa manjano unaopulizwa kwa mashine alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo haujaamka. Hupulizwa, ukarudiwa, ukarudiwa tena mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Misimu mitatu mfululizo, harufu ya maua ilipoanza tu, Maftaha alifunga begi akakimbilia Sudi. Misimu mitatu mashada yake yalinyauka.

Mwaka huu alirudi Kilangala mwishoni mwa mwezi wa tano. Hajamaliza hata kufagia ukumbi, kaka yake Alfani akasimama mlangoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umerudi na mto?"

"Nimerudi nao. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Nikiuona mto najua safari haijaisha."

Alfani hakuwa mtu mbaya. Shamba lake lilikuwa ng'ambo ya njia, na alipulizia miti yake kwa bidii kama mtu anayeswalisha. Alikaa kwenye kigoda, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Wazee wa ukoo wamekaa," alisema. "Wamesema hivi: salfa ikianza mpaka ikiisha, mwenye shamba awe shambani. Ukiondoka tena msimu huu, ile mikorosho naichukua mimi. Usiniangalie hivyo, mwana wa mama. Ubwiri unga hauna adabu. Ukishiba kwako unavuka njia unakuja kwangu."

Maftaha alitaka kumjibu. Badala yake alipiga chafya tisa.

Alfani alijibu rehema ya kwanza, ya pili na ya tatu. Baada ya hapo alivaa kofia yake. "Mzunguko wa kwanza wa salfa ni baada ya wiki mbili na siku chache," alisema akitoka. "Jitazame."

Siku ile Maftaha hakukaa. Alifagia palipofagiliwa. Alikwenda shambani, akarudi, akaenda tena. Mashada yalikuwa yameanza kuchanua, meupe yenye wekundu kidogo, na utamu wa harufu yake ulimkaa kooni. Alihesabu miti yake kana kwamba mmoja ungeweza kuondoka kabla yake. Jirani yake Likwata, mzee mwenye mashine ya salfa aliyepulizia nusu ya kijiji, alimwona akizunguka, akacheka.

"Maftaha, unatafuta ulichopoteza au unapoteza ulichonacho?"

"Natafuta pa kukaa, mzee."

"Kaa hapo hapo uliposimama! Pana nini?"

"Pana maua."

Kesho yake alikwenda zahanati. Hakwenda kwa matumaini, alikwenda kwa sababu miguu ilitaka kwenda mahali. Alimkuta daktari mgeni, kijana mwembamba anayeitwa Andrea, ambaye hakuandika dawa kabla ya kuuliza. Aliuliza kama kuna homa. Hakuna. Kama kamasi ni maji au ni usaha. Ni maji. Kama macho yanawasha. Mno. Akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akasema ni safi.

"Lakini mama, siku kifua kikibana au kikapiga filimbi, usisubiri kesho. Njoo saa hiyo hiyo."

"Sasa pua ina nini, daktari? Sema tu. Nimeshaambiwa jini."

"Una mzio. Wengine wanaita aleji." Alifikiri kidogo. "Kuna mbwa anayembwekea mwizi. Na kuna mbwa anayembwekea kila mtu, hata vumbi likipita. Mwili wako umefuga huyo wa pili. Anaona unga wa maua, anaona vumbi, anadhani ni adui, anaamsha nyumba nzima."

"Kwa hiyo nina mbwa mjinga."

"Si mjinga. Ana bidii iliyopitiliza."

Maftaha alicheka, na alipocheka akapiga chafya, na Andrea, ambaye si Mwislamu, akamjibu "Afya!" kama alivyofundishwa kwao.

Kisha akamwambia jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Mzio upo wa msimu na upo wa mwaka mzima. Wa msimu huja na maua ukaenda nayo. Wa mwaka mzima hukaa na mtu, mara nyingi ndani ya nyumba yake. Na mtu mmoja anaweza kuwa nayo yote miwili.

"Wewe unakimbia mwezi wa sita," alisema. "Lakini umeniambia Tingi ulipiga chafya mwezi wa tatu. Huko kulikuwa na maua ya mikorosho gani mwezi wa tatu? Nenda utafute makopo mawili. Moja likae shambani, moja likae kitandani. Kila chafya zikija kwa kundi, tia korosho moja kwenye kopo la mahali ulipo. Wiki moja, bila piritoni. Kisha niletee."

"Korosho zilizobanguliwa au zenye ganda?"

"Zenye ganda, mama. Usije ukala ushahidi."

Wiki ile ilikuwa ndefu kuliko mwezi wa mfungo. Maftaha alikuwa na hakika na jibu. Alichagua kopo kubwa la maziwa ya unga kwa ajili ya shambani, na kakopo kadogo ka nyanya akakaweka chini ya kitanda. Siku ya tatu alilazimika kuyabadilishana, kubwa likaenda kitandani. Siku ya saba alikaa ukumbini na makopo yote mawili magotini. Kopo la shambani lilikuwa na korosho sita. La kitandani lilikuwa limejaa na kutema, nyingine zimebingirika hadi uvunguni.

Alizimwaga akazihesabu upya, akihisi hasira asiyojua amkasirikie nani. Miaka yote hiyo amekimbia maua.

Andrea alitazama makopo, hakushangaa. "Unalalia nini?"

"Kitanda cha kamba, godoro jembamba, na mto wangu."

"Mto wa nini?"

"Wa sufi."

"Una muda gani?"

"Miaka ishirini na tisa."

Daktari aliweka kalamu chini. "Umewahi kulala mahali bila huo mto?"

"Sijawahi. Hauachwi nyuma." Kisha akakumbuka. Mwaka juzi shangazi alilazwa hospitali, na Maftaha alikaa kumuuguza siku tatu. Mlinzi alimkatalia kuingia wodini na mto, akauacha langoni. Alilala sakafuni juu ya kanga, kichwa juu ya mkono wake. Asubuhi tatu aliamka pua kavu. Alidhani ni harufu ya dawa za kusafishia sakafu, na aliporudi nyumbani alinunua chupa ya dawa ile akamwaga chumba kizima, ikamwasha pua zaidi.

Andrea alieleza taratibu. Ndani ya mito na magodoro ya zamani kuna wadudu wadogo mno, jicho haliwaoni. Hawaumi. Wanakula magamba ya ngozi yanayotudondoka tukilala, na kinyesi chao, kikiwa vumbi, ndicho kinachomwamsha yule mbwa.

"Bibi yangu alikuwa mtu msafi," Maftaha alisema kwa ukali.

"Si uchafu, mama. Hata kwa tajiri wapo. Wanapenda joto na unyevunyevu, na mto wa sufi huwezi kuufua ukatakata hadi ndani. Huo uondoke. Godoro litoe juani, ulifunike kwa kitambaa kizito kilichoshonwa pande zote. Shuka zifue kwa maji ya moto kila wiki. Chumba usifagie kikavu, pangusa kwa kitambaa chenye maji. Pua ioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Jioni kidonge kimoja cha setrizini, hakilazi usingizi kama piritoni. Na hii nakuandikia ukanunue Lindi, ya kupuliza puani kila siku, asubuhi."

"Hata siku ambayo sipigi chafya?"

"Salfa mnapuliza lini? Shada likishakauka?"

"Hapana! Kabla. Na unarudia."

"Basi na pua ni hivyo hivyo. Usiniambie kesho kutwa kwamba haifanyi kazi. Ipe wiki mbili. Na mashine ya salfa ikipita, simama upande upepo unakotoka, funga pua na mdomo, ukirudi nyumbani oga ubadili nguo. Salfa yenyewe humwasha kila mtu. Wewe utaisikia zaidi, basi. Haitakufukuza."

Dawa alinunua. Godoro alilitoa juani. Maji ya chumvi yalimpanda hadi utosini akakohoa na kumlaani daktari, kisha akazoea. Mto ndio ulimshinda.

Siku ya kwanza aliuhamishia miguuni mwa kitanda. Siku ya pili kwenye kona. Siku ya tatu ukumbini, kisha akaamka kabla ya adhana akaenda kuutazama kama mtoto mgonjwa. Hatimaye aliuweka jikoni, juu ya pipa. Yeye alilalia kanga iliyokunjwa, shingo ikimuuma, akijiona mgeni katika chumba chake. Hata hivyo asubuhi ya tano alipiga chafya tatu tu. Asubuhi ya nane hakupiga hata moja. Alikaa kitandani akingoja, na kimya cha pua yake kikamtisha. Hakukiamini. Alisema moyoni, zimeenda kujipanga, zitarudi na maua yote kwa pamoja, zitanikuta katikati ya salfa, mbele ya Alfani.

Siku ya mzunguko wa kwanza aliamka mapema, giza halijaachia. Mbali aliisikia mashine ya Likwata ikijaribiwa: ikakohoa, ikanguruma, ikazimwa. Miguu ikaanza. Kabla akili haijasema neno, mikono ilishafunga begi. Alipitia jikoni, akauchukua mto kwapani, akatoka kwa mlango wa nyuma mpaka barabarani, mahali pa kungojea bodaboda ya kumpeleka njia kuu. Shangazi Sudi angempokea. Shangazi hakuwahi kumuuliza kitu.

Barabarani hapakuwa na mikorosho. Palikuwa na majani yenye umande na hewa ya asubuhi isiyo na kitu ndani yake. Baridi ilimfanya aukumbatie mto, na kwa mazoea ya miaka ishirini na tisa aliinamisha uso ndani yake.

Chafya ya kwanza ilimpata hapo. Ya pili ikamwangushia kanga ya kichwa. Alihesabu kumi na moja, akiwa amesimama peke yake, mbali na maua, mbali na salfa, mbali na maandazi, samaki na ufuta. Macho yakamwaka moto. Hakukuwa na mtu wa kumwombea rehema. Alijiombea mwenyewe, akautazama mto kwapani pake, na safari zake zote zikampitia mbele: kila basi, kila chumba, na yeye akiingia humo na kilichomfukuza amekitia kwapani.

Bodaboda ikaja ikapunguza mwendo. "Mama, tunaenda?"

"Wewe nenda."

Alirudi mbio. Nyuma ya jikoni alichimba shimo kwa jembe la palizi. Kabla ya kukata mshono wa mto, mkono wake wenyewe uliivuta kanga ukaifunga puani na mdomoni, na hapo akasita. Ndivyo bibi alivyokuwa amejifunga, siku ile mkekani. Bibi alijua kwamba sufi huwasha. Aliipiga hivyo hivyo, kwa uso uliofungwa, ili mjukuu asiwe na ugeni.

"Nisamehe, bibi," Maftaha alisema chini ya kanga, akakata uzi.

Sufi ilikuwa imegandamana, ya kijivu, haikuruka tena kama moshi. Aliifukia akakanyaga udongo. Foronya aliibakiza. Aliitia kwenye sufuria ya maji yanayochemka, akafunga kanga upya, akaenda shambani.

Likwata alishafika, mashine mgongoni, uso wake wa manjano kama wa mtu aliyeoga manjano ya harusi. "Ahaa! Nilisema umeshavuka Sudi!"

"Anza na ule wa pembeni, mzee. Upepo unatoka huku, mimi nitasimama huku."

"Leo unajua hadi upepo?"

Pua ilimwasha siku ile. Macho yalimtoka machozi, na Alfani, aliyekuja kuchungulia kutoka ng'ambo ya njia, aliyaona akatikisa kichwa. Lakini mashine ilipozimwa, Maftaha alikuwa bado amesimama mahali pake. Alirudi akaoga, akabadili nguo, na usiku huo alilala.

Kwa mzunguko wa pili foronya ilikuwa imekauka. Alikata kipande, akakishona mara mbili, akatia kamba, akakivaa usoni. Ilitokea hivi, hakupanga: neno LALA lilimkaa mdomoni sawasawa, kwa uzi mwekundu.

Likwata alicheka mpaka akashusha mashine. "Mdomo umeandikwa lala! Na wewe ndiyo kwanza umeamka!"

"Puliza, mzee. Umande unakauka."

Maua yalipokuwa mengi kabisa, katikati ya mwezi wa saba, chafya zilirudi. Si kumi na moja, ila zilirudi, nne leo, mbili kesho, na kila ziliporudi alilitazama begi lililoning'inia msumarini. Kuna siku alilishusha akalifuta vumbi, akalirudisha. Kuna jioni alizunguka mipaka ya shamba mara saba kwa sababu kukaa kulimshinda. Alimeza kidonge chake, akaosha pua, akapuliza dawa, akaenda kwa Andrea kulalamika, naye akamwambia maua yana haki ya siku zake. Mzunguko wa tatu ukapita. Wa nne ukapita. Mashada yakaanza kuangusha maua na kufunga korosho.

Mzunguko wa mwisho Alfani alikuja mwenyewe, akaingia shambani kwa dada yake kwa mara ya kwanza msimu huo. Salfa ilikuwa imetua. Alivuta tawi, akaligeuza, akatafuta ukungu mweupe. Hakuuona. Aliona korosho changa, za kijani, ndogo kama kucha za mtoto. Akavuta tawi la mti mwingine, na wa tatu. Alikuwa na sura ya mtu aliyekuja na maneno akakuta hayana kazi.

Maftaha, aliyesimama upande upepo unakotoka, alipiga chafya mbili.

"Yarhamukillah," Alfani alisema, akamgeukia haraka. "Mbona bado? Si watu wanasema umepona?"

Maftaha alishusha kile kitambaa chenye neno jekundu, akakiacha kining'inie shingoni. Aliitazama miti yake, kisha nyumba, kisha miguu yake mwenyewe ndani ya kandambili zenye vumbi la manjano.

"Sijapona, kaka," alisema, kwa sauti ndogo mno hata Alfani akalazimika kusogea. "Nimebaki."